SOMO LA AFYA: MKATE UNAPOMDHURU MTU



Katika mashamba na viwanda vyetu, mtu anayeharisha miezi na miezi hupewa dawa ya minyoo, halafu ya amiba, halafu ya minyoo tena. Mara nyingi ndiyo inayomfaa. Lakini yuko ambaye dawa hizo hazimsaidii kitu. Anakonda, tumbo linajaa gesi, damu inapungua, nguvu za kumaliza kazi ya siku hana, na nyapara anamwandika mvivu. Huenda mtu huyo ana ugonjwa uitwao seliaki.

Mwili una kinga, mfano wa askari, ya kupigana na vijidudu. Kwa mwenye seliaki, kinga hiyo ikikutana na gluteni, yaani protini inayofanya unga wa ngano uvutike ukikandwa, hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba wa mtu mwenyewe. Ndani ya utumbo huo mna nyuzi ndogo mno, kama za taulo, zinazofyonza chakula. Zikiharibika, mtu hula akashiba na mwili ukabaki na njaa. Mifupa hudhoofika, mtoto hudumaa. Ugonjwa huu hauambukizi, hufuata ukoo.

Sababu ilijulikanaje? Mwaka 1924 Daktari Sidney Haas wa New York aliwalisha watoto wagonjwa ndizi kwa wingi bila mkate, wakapata nafuu. Akadhani ndizi ndiyo dawa. Sisi walaji wa matoke tungependa iwe hivyo! Kumbe siri ilikuwa katika kile alichokiondoa. Huko Uholanzi, daktari wa watoto Willem Dicke aliishuku ngano tangu kabla ya vita. Septemba 1944 wafanyakazi wa reli wa nchi hiyo waligoma dhidi ya Wajerumani walioitawala kwa mabavu. Wajerumani wakalipiza kwa kuzuia chakula, na maelfu ya watu wakafa kwa njaa majira yale ya baridi. Mkate ukaadimika. Watoto wenye seliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 Dicke alieleza matokeo ya utafiti wake katika tasnifu.

Hakuna kidonge cha kuuondoa ugonjwa huu. Tiba ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote: mkate, chapati, mandazi, tambi, hata bia ya shayiri. Ugali wa mahindi, wali, matoke, muhogo, viazi, mtama na maharage havina neno, mradi unga usisagwe pamoja na ngano.

Lakini usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta alama za kinga inayopigana. Ukiisha kuacha, alama hupotea na daktari hataona kitu. Endelea kula, nenda hospitali kubwa, upimwe kwanza.

Baada ya hapo lete cheti cha daktari kwa mwakilishi wa chama kazini. Kantini inayotoa chai na mkate saa nne inaweza kumpa mtu huyo viazi au muhogo, na kudai hilo si kuomba upendeleo.