Baba anaanguka, hataki betri ya moyo

Shangazi, baba yangu ana miaka 76. Tangu Iddi ameanguka mara tatu. Juzi alikuwa amekaa tu, anasubiri chai. Akadondoka ghafla, punde akazinduka akaomba chai yake. Daktari amempima, anasema moyo unapiga taratibu mno, awekewe betri. Baba hataki: "Uzee huu nikapasuliwe kifua?" Kaka zangu wanasema tumwache apumzike. Nifanyeje?
Binti, Tanga

Mwanangu, mzee akijikwaa, tutalaumu miguu. Akianguka akiwa kitini, moyo ndio wa kuulizwa kwanza. Moyo uliotulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Njia zake za umeme zikichakaa, mapigo huweza kushuka hadi 30 na kitu, au kusimama sekunde kadhaa. Ubongo hukosa damu, mtu akazimia. Kumwacha hivyo si kumpumzisha. Kesho ataanguka avunjike nyonga.

Baba naye anaogopa kitu kisichokuwepo. Kwa kawaida kifua hakipasuliwi. Anapigwa ganzi, anachanjwa kidogo chini ya mtulinga, waya unapitishwa mshipani hadi moyoni, na betri, nyembamba kuliko kiberiti, inalazwa chini ya ngozi. Hudumu miaka mingi, kisha hubadilishwa. Arne Larsson wa Sweden, wa kwanza kupandikizwa betri hiyo mwaka 1958, alibadilishiwa zaidi ya mara 20, akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86.

Hata hivyo, si kila kuzimia dawa yake ni betri. Wapo wanaoanguka kwa presha kushuka wakisimama. Tia dawa zake zote kwenye mfuko umpelekee daktari, hata matone ya presha ya macho, maana baadhi hupunguza mapigo. Huenda kuzibadilisha kukatosha. Asiache yoyote kabla ya kuambiwa.

Ikibaki betri, mwombe daktari amweleze baba mwenyewe, nyinyi mkisikiliza. Muulizeni gharama na bima. Huduma hiyo ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Uamuzi ni wa baba, msimpeleke kwa hila.

Kwa sasa asipande ngazi wala kuendesha chombo, na mlango wa bafu asiutie komeo. Akizimia tena msingoje miadi: hospitali saa hiyo hiyo.