Kubadilisha madirisha ya nyumba: tuhesabu kabla ya kuuza mahindi



Kila mwaka kisha mavuno, wakati tunatembelea vikundi kwenye barabara ya Likasi mpaka Kolwezi, tunaulizwaka swali moja: «Agronome, nikitoa madirisha ya mbao niweke ya vioo na aluminiyumu, itakula magunia mangapi?» Watu wanauliza kwa magunia, si kwa dola, na iko sawa vile, juu ile pesa inatoka kwenye mahindi. Sababu zao ni za kweli: vumbi ya makamyo inaingia mpaka kwenye bukari, mchwa umeishakula mbao, wezi nao wako. Na tuseme ukweli, mara ingine ni kwa sababu jirani ameishaweka ya kwake.

Tufanye hesabu pamoja. Hizi bei ni za mfano tu, kila mtu aweke zile za soko lake. Madirisha 4, kila moja dola 80: ni 320. Usafiri, fundi na sima: 60. Kioo kimoja kinavunjika njiani (karibu kila safari kimoja kinavunjika): 20. Jumla dola 400. Gunia la kilo 50 ukiuza palepale kisha mavuno kwa dola 20, ni magunia 20. Ukiyangojesha mpaka mwezi wa kwanza ao wa pili, wakati njaa inabana na gunia limefika tuseme dola 32, ni magunia 13 tu. Sasa angalia upande mwingine. Hektari moja ya mahindi, vile tunafundishaka, inataka magunia 4 ya NPK na 4 ya urea. Kwa dola 50 kila moja, ni dola 400 zilezile. Basi madirisha yale ni mbolea ya hektari nzima, na mbolea haingoji: mvua inaanza mwezi wa 11.

Hatusemi mtu asitengeneze nyumba yake. Tunasema ajue kwanza ananunua nini.

Kioo cheupe kimoja cha milimita 3 kinapitisha zaidi ya sehemu 8 kwa 10 za joto la jua. Likiisha kuingia, linabakia ndani. Yale madirisha ya vioo viwili wanayouza mjini yanafaa sana nyumba za nchi za baridi, ao nyumba yenye klimatizeri ya kutwa nzima. Wazee wa Omani na wa pwani, kwenye joto kuliko letu, walijenga kuta nene, madirisha madogo na mbao za kufunga mchana. Kwetu si jangwa, Kolwezi iko juu, zaidi ya metre 1.400, na usiku wa mwezi wa 6 baridi inatuma mtu atafute blanketi ya pili. Lakini mwezi wa 10, chini ya mabati, nyumba inawaka.

Kitu cha kuangalia mbele ya bei ni upande dirisha linatazama. Kwetu jua la saa sita, toka mwezi wa 10 mpaka wa 2, liko karibu juu ya kichwa. Dirisha la kaskazini ao la kusini, bati iliyotoka kidogo tu inalifunika. Magharibi ni shida. Saa kumi jua limeishashuka, na bati iliyotoka sentimeta 80 juu kabisa ya dirisha inatia kivuli cha sentimeta 46 hivi. Dirisha la metre 1 na 20 linabakia wazi zaidi ya nusu.

Hapa tuungame kosa letu. Koperative moja iliomba shauri juu ya nyumba wanamoweka mahindi ya wanachama, na sisi ndio tuliowaambia waweke vioo vikubwa visivyofunguka, juu ya vumbi na wezi. Viwili vilitazama magharibi. Mwezi wa 10 tulipofungua mlango, hewa ilikuwa nzito kama ya jikoni, na magunia ya upande ule yalikuwa yanatoka unga chini. Fukusi, akipata joto la digrii karibu 27 na unyevu kidogo, anatoka yai mpaka mkubwa kwa wiki tano hivi. Na usiku ukuta ukipoa, ule unyevu wa ndani ya magunia ulikuwa unahamia upande wa baridi na kugeuka maji. Mama mmoja alituonyesha mahindi yenye ukungu, akanyamaza. Ilikuwa akiba ya ada ya shule.

Kwa wengi wetu chumba cha kulala ndicho depo, kwa hiyo jambo hili linagusa nyumba pia. Mahindi yakauke vizuri, yafike unyevu wa 13 kwa 100. Tieni konzi moja ya mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikiseni, ngojeni dakika 15: chumvi ikishika kwenye chupa, bado. Magunia yakae juu ya mbao, nusu metre mbali na ukuta. Dirisha lifunguke, liwe na wavu wa waya mwembamba, na lingine litazamane nalo ili upepo upite. Kwenye magharibi, mlango wa mbao wa kufunga mchana unashinda kioo cha bei yoyote. Nje, pandeni marakuja kwenye fito, inapanda haraka na watoto wanakula.

Ile koperative ilikubali kutusikiliza tena, jambo ambalo hatukulitegemea. Dirisha moja la magharibi walilifunga kwa matofali, lingine wakalitia mbao ya mulombwa, fundi akiwa mwanachama. Za kusini waliziacha na vioo, ila sasa zinafunguka. Pesa iliyobaki ilinunua urea, ikafika mbele ya mvua.

Vioo vilivyotolewa havikutupwa. Mwezi wa 6 wamama wanavilaza juu ya kitalu cha nyanya usiku, miche isipigwe na baridi, na asubuhi jua likipanda wanavitoa.