Virusi na Saratani ya Mapafu: Mwongozo kwa Watoa Huduma wa Zahanati na Vituo vya Afya

Mwongozo huu unawahusu matabibu, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao ndio wa kwanza kukutana na mtu anayekohoa. Unahusu swali moja: je, saratani ya mapafu nayo huletwa na virusi, kama ile ya mlango wa kizazi?

Mgonjwa ajibiwe hivi: saratani ya mapafu haiambukizi, wala hakuna sababu ya kumtengea vyombo anayeugua. Chanzo chake kikuu ni moshi wa tumbaku. Virusi vya UKIMWI (VVU) huongeza hatari ya kuipata. Kuhusu virusi vya HPV, vile vya saratani ya mlango wa kizazi, watafiti bado hawajakubaliana.

Swali lenyewe si la kipuuzi, na anayeliuliza asichekwe. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Uganda. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakakuta ndani ya seli za uvimbe huo kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr. Kirusi hichohicho kinahusishwa na aina moja adimu ya saratani ya mapafu, inayoonekana zaidi kusini mwa China, Hong Kong na Taiwan. Na kwa kondoo jambo halina ubishi kabisa: kirusi cha jaagsiekte, ugonjwa ulioelezwa kwanza Afrika Kusini, huwaletea saratani ya mapafu na huenea kutoka kondoo hadi kondoo. Kondoo Dolly, yule aliyetokana na seli ya kondoo mwingine, aliuawa kwa dawa mwaka 2003 kwa sababu ya uvimbe huo. Kirusi hicho cha kondoo hakijathibitika kumpa binadamu saratani, hivyo wafugaji wasitiwe hofu.

Kuhusu HPV

Mwaka 1979 Kari Syrjänen wa Finland aliona katika baadhi ya saratani za njia ya hewa mabadiliko yanayofanana na yale ya HPV. Baadaye, mwaka 2001, watafiti wa Taiwan waliripoti kukuta HPV aina ya 16 na 18 katika uvimbe wa mapafu, hasa kwa wanawake wasiovuta sigara. Hoja ya kibaiolojia ipo: protini mbili za kirusi hiki, E6 na E7, huzima walinzi wa seli, p53 na Rb, na seli isiyo na walinzi hujigawa bila kizuizi. Tatizo ni kwamba maabara za nchi nyingine zilipotafuta kirusi hicho mara nyingi hazikukikuta, au zilikikuta kwa wagonjwa wachache mno. Vipimo vya vinasaba ni vikali kiasi kwamba uchafu kidogo wa maabara unaweza kutoa jibu la uongo. Isitoshe, kukuta mtu eneo la tukio si kumkuta na hatia.

Hapa Afrika Mashariki kuna jambo jingine lenye uzito kuliko mjadala huo. Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi wanawake wetu, na husambaa hadi mapafuni. HPV ikionekana kwenye uvimbe wa pafu la mama, swali la kwanza ni kama uvimbe huo ulianzia pafuni kweli. Kwa hiyo kila mwanamke mwenye doa la kutiliwa shaka kwenye eksirei aulizwe kuhusu kutokwa damu isiyo ya kawaida ukeni, na afanyiwe uchunguzi wa mlango wa kizazi. Chanjo ya HPV, inayotolewa kwa wasichana nchini Tanzania tangu 2018, ihimizwe kwa kazi yake iliyothibitishwa. Asiambiwe mtu kwamba inakinga mapafu.

Kuhusu VVU

Hiki ndicho kirusi kinachopaswa kubadilisha utendaji wa kituo. Anayeishi na VVU ana hatari ya saratani ya mapafu kubwa kuliko wengine, takriban mara mbili au zaidi, hata uvutaji sigara ukishahesabiwa, na mara nyingi huugua akiwa na umri mdogo zaidi. Kirusi chenyewe hakigeuzi seli za pafu kuwa saratani. Kinga iliyodhoofika, uvimbemoto wa muda mrefu, nimonia zinazojirudia na makovu ya kifua kikuu vinadhaniwa kushirikiana kuleta madhara hayo. Basi mteja wa kliniki ya tiba na matunzo aulizwe kila mara kama anavuta, na asaidiwe kuacha. Aliye na madoa ya zambarau kwenye ngozi au kinywani, naye anakohoa damu, afikiriwe pia kuwa na sakoma ya Kaposi ya mapafuni, saratani nyingine yenye kirusi chake.

Kosa linalogharimu maisha

Kikohozi, jasho la usiku, kukonda, damu kwenye makohozi: dalili hizi ni za kifua kikuu na za saratani pia. Kuanza na kipimo cha kifua kikuu ni sahihi. Kosa ni kumwanzishia mgonjwa dozi bila vimelea kuonekana, kisha kumwacha aimalize miezi sita huku anazidi kudhoofu. Ambaye makohozi yake hayakuonyesha vimelea na hapati nafuu ndani ya miezi miwili apewe rufaa bila kusubiri. Apewe mapema zaidi akiwa na sauti iliyokwaruza kwa wiki kadhaa, ncha za vidole zilizovimba, tezi juu ya mtulinga, maji ya kifuani yanayorudi baada ya kutolewa, au nimonia inayorudi mahali palepale pa pafu. Kutovuta sigara kusimwondoe mtu kwenye orodha hii. Aulizwe kuhusu moshi wa kuni jikoni, vumbi la migodini na asbesto.

Barua ya rufaa itaje miaka ya kuvuta na idadi ya sigara kwa siku, kazi alizowahi kufanya, hali ya VVU na tarehe ya kuanza ARV, majibu ya makohozi na tarehe zake, na kwa wanawake, majibu ya uchunguzi wa mlango wa kizazi. Eksirei za zamani ziambatanishwe hata kama ni hafifu, kwa kuwa daktari wa kifua huhitaji kuona kama doa limekua, na ni kutokana na hilo ataamua kama kinyama kichukuliwe mara moja.