Kwa Nini Rubani wa Binafsi Hukatazwa Kuingia Mawinguni

Wakati wa masika, mtu apitaye kando ya kiwanja cha ndege huweza kuona ndege ndogo ya injini moja imefungwa kamba ardhini kutwa nzima, hali ndege kubwa za abiria zinapaa na kutua jirani yake kama kawaida, zikiingia na kutoka mawinguni. Injini ya ndege hiyo ndogo ni nzima, mafuta yamo, na rubani wake yupo. Kinachomzuia ni sharti la leseni yake, lisemalo kwamba asiruke ila mahali ambapo macho yake yanaona mbele na chini. Watu wengi hudhani kuwa sharti hilo limewekwa ili asigonge mlima au ndege nyingine. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini si ya pekee. Hata katika wingu lisilo na mlima ndani yake, juu ya bahari tupu, rubani asiyefunzwa kuruka kwa kutumia ala peke yake yumo hatarini, na hatari yenyewe imo katika sikio lake.

Leseni na masharti yake

Leseni ya urubani wa binafsi hutolewa na kila nchi kwa raia na wakazi wake. Kwa Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hata hivyo viwango vya chini kabisa ni vya dunia nzima. Vinatokana na Mkataba wa Chicago uliotiwa sahihi tarehe 7 Desemba 1944, na hutunzwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, yaani ICAO. Mwombaji awe na umri usiopungua miaka 17, apimwe afya, afaulu mtihani wa maandishi, na awe ameruka kwa saa zisizopungua 40, au 35 akiwa amesoma katika chuo kilichoidhinishwa. Katika hizo, saa 10 lazima aruke peke yake. Mtihani wa maandishi hauhusu sheria, injini na hali ya hewa tu. Mna pia somo zima juu ya uwezo na udhaifu wa mwanadamu awapo angani.

Mwenye leseni hiyo haruhusiwi kulipwa kwa kazi ya kurusha ndege. Kwa hiyo hana mwajiri wa kumhimiza aondoke. Lakini ana mhimizaji mwingine aliye mkali zaidi, nayo ni hamu ya kufika: harusi inaanza jioni, jamaa wanangoja, kesho ni siku ya kazi.

Ama kuhusu mawingu, viwango vya ICAO vinasema kwamba chini ya kimo cha futi 10,000, yaani mita 3,050 hivi, rubani arukaye kwa kuona lazima aweze kuona mbele umbali wa kilomita 5, na awe mbali na wingu kwa mita 1,500 za mlalo na mita 300 za wima. Karibu na ardhi, katika anga isiyoongozwa na waongozaji, masharti hayo hulegezwa kidogo, lakini kamwe hayamruhusu kuingia ndani ya wingu.

Tarakimu hizo hupata maana zikigeuzwa kuwa muda. Ndege ndogo iendayo kilomita 180 kwa saa husafiri mita 50 kwa kila sekunde. Kilomita 5 ni sekunde 100 tu. Katika sekunde hizo rubani atambue kuwa mbele kumefunga, aamue, kisha ageuze ndege. Ndege hiyo ikigeuka kwa kuinamisha mabawa nyuzi 20, hufuata duara lenye nusu kipenyo cha mita 700 hivi. Maana yake, ili arudi alikotoka rubani anahitaji nafasi yenye upana wa mita 1,400 na muda wa sekunde 44. Haidaiwi hapa kwamba sheria ilitungwa kwa hesabu hiyo. Ila hesabu inaonyesha kwamba aliyengoja mpaka wingu likawa mbele ya pua ya ndege amekwisha kuchelewa.

Sikio linavyodanganywa

Ndani kabisa ya sikio la mwanadamu, nyuma ya sehemu ya kusikilia, mna mifereji mitatu iliyopinda mfano wa nusu-duara, na kila mmoja umeelekea upande wake. Imejaa majimaji. Kichwa kikianza kuzunguka, ukuta wa mfereji huenda pamoja nacho, lakini majimaji kwa inesha yake hubaki nyuma. Kubaki huko husukuma kizibo laini kilichomo mferejini, vinyweleo vya neva vilivyomo ndani yake hupinda, na ubongo hupata habari kwamba mwili unazunguka. Karibu na mifereji mna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo vya chokaa, ambavyo hueleza upande iliko chini.

Chombo hiki ni cha ajabu kwa kiumbe atembeaye kwa miguu. Angani kina kasoro mbili. Kwanza, mzunguko ukianza polepole mno, kwa kiasi kisichofika nyuzi 2 hivi kwa sekunde, hakisikii kitu. Pili, mzunguko ukiendelea kwa mwendo ule ule, majimaji hatimaye hulingana na ukuta, kizibo hurudi mahali pake, na baada ya sekunde kumi hadi ishirini hivi ubongo huambiwa kuwa mwili umetulia, hali bado unazunguka. Mzunguko ukikoma, majimaji huendelea mbele, na mtu husikia kwamba anazungushwa kinyume.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa bilauri ya maji na majani machache ya chai. Bilauri ikizungushwa kwa mkono juu ya meza, majani mwanzoni hubaki palepale; ikiendelea kuzungushwa, huanza kuzunguka pamoja nayo; ikisimamishwa ghafula, majani huendelea na safari. Mwenye kiti cha ofisi kinachozunguka anaweza kufanya zaidi. Mwanafunzi aketi, afungwe kitambaa machoni, ainamishe kichwa kidogo, na aonyeshe kwa dole gumba upande anaodhani anazungushiwa. Azungushwe taratibu na kwa mwendo mmoja, kama mzunguko mmoja kwa sekunde 4. Darasa likae kimya kabisa, kwa maana sauti ya mtu mmoja hutosha kumjulisha mwelekeo. Baada ya muda mfupi dole litalegea, na mwanafunzi atasema amesimama. Kiti kikisimamishwa, ataonyesha upande wa pili, na wenzake watacheka. Asiruhusiwe kuinuka mpaka atulie, wawepo wa kumshika, na jaribio lisifanywe kwa mwenye kifafa au maradhi ya sikio.

Vijiwe vya chokaa navyo havisaidii. Ndege igeukayo sawasawa huwa imeinamisha mabawa, na kani inayomkandamiza rubani huelekea kwenye sakafu ya ndege, wala si ardhini. Bilauri ya chai iliyowekwa mbele yake haimwagiki. Uso wa chai hubaki sambamba na sakafu. Kani hiyo huongezeka kwa kiasi cha moja kugawanya kwa kosaini ya pembe ya mwinamo. Kwa nyuzi 20 jibu ni 1.06: mtu wa kilo 60 hujiona kana kwamba ana kilo 64. Nani awezaye kutambua tofauti ya kilo 4 akiwa ameketi kwenye kiti laini, tena ana wasiwasi?

Mzingo wa mauti

Sasa mfikirie rubani aliyeingia wingu jeupe. Anainamisha kichwa kutazama ramani, na bawa la kushoto linashuka kidogo kidogo. Sikio halisemi neno. Bawa likiisha kuinama, sehemu ya kani ya kunyanyua hupotea upande, ile ya wima hupungua, na pua ya ndege hushuka. Mwendo unaongezeka, upepo unavuma kwa sauti zaidi, kipimakimo kinarudi nyuma. Rubani anaamini kwamba mabawa yamelala sawa na kwamba ndege inashuka moja kwa moja. Basi anavuta usukani ili apande. Lakini kuvuta usukani mabawa yakiwa yameinama hakuinui ndege. Kunakaza mzunguko. Ndege inazidi kushuka, naye anazidi kuvuta, mpaka itokee chini ya wingu mahali pasipo na nafasi tena, au mabawa yavunjike kwa mzigo. Marubani huuita mwendo huu mzingo wa mauti. Na hata akitambua kosa na kunyoosha mabawa, sikio humwambia kwamba sasa ndipo ameinama upande wa pili, naye hushawishika kurudi kule kule alikotoka.

Mwaka 1926 rubani wa jeshi la Marekani, William Ocker, alizungushwa katika kiti cha majaribio, cha aina iitwayo kwa jina la Robert Bárány, tabibu aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa utafiti wake juu ya sikio la ndani. Ocker alikuwa mzoefu, na akakosea kama wanafunzi wanavyokosea. Baadaye alirudi na kisanduku chenye taa na ala ya kuonyesha mgeuko. Akichungulia humo badala ya kusikiliza mwili wake, alijibu sawasawa kila mara. Tarehe 24 Septemba 1929 James Doolittle aliruka na kutua huko Mitchel Field, New York, akiwa amefunikwa asione nje, akiongozwa na ala peke yake. Miongoni mwa ala hizo mlikuwa na upeo bandia, ambao gurudumu lake lizungukalo kwa kasi hushikilia mwelekeo wake hata ndege ikiinama.

Ikiwa ala zipo, basi kwa nini rubani wa binafsi asiingie mawinguni akazitazama? Jibu lilipatikana katika Chuo Kikuu cha Illinois, ambako utafiti ulitangazwa mwaka 1954. Watu 20 wasio na mafunzo ya ala walirushwa katika ndege aina ya Beechcraft Bonanza, wakazuiwa kuona nje huku mwalimu akiwa kando yao tayari kushika usukani. Ala zote muhimu zilikuwa mbele yao. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege, 19 kwa mzingo wa mauti na mmoja kwa kuinua pua kupita kiasi. Wa kwanza alishindwa kwa sekunde 20, aliyevumilia kuliko wote alifika sekunde 480. Wastani ulikuwa sekunde 178. Kuwa na ala ni jambo moja. Kuziamini dhidi ya ushuhuda wa mwili wako mwenyewe ni ustadi wa kujifunza kwa saa nyingi, na ndiyo sababu wenye ruhusa ya kuruka kwa ala hutahiniwa peke yao na hulazimika kufanya mazoezi kila mara.

Si wingu peke yake

Jioni ya tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy mdogo, mwana wa rais wa Marekani aliyeuawa mwaka 1963, aliruka kutoka New Jersey kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard, pamoja na mkewe na dada wa mkewe. Alikuwa rubani wa binafsi mwenye saa 310 hivi, na mafunzo yake ya ala hayakuwa yamekamilika. Hakuvunja sheria ya nchi yake: taarifa za hali ya hewa zilionyesha kuwa kuona kunatosha. Lakini usiku ulikuwa wa giza, ukungu mwembamba ulitanda, na juu ya bahari hapakuwa na taa wala mstari wa kutenganisha maji na anga. Ndege iligeukia kulia na kushuka kwa mwendo uliozidi futi 4,700 kwa dakika. Wote watatu walifariki. Bodi ya uchunguzi ilitaja chanzo kuwa ni rubani kushindwa kuidhibiti ndege kwa sababu ya kupotewa na mwelekeo.

Avukaye kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja siku ya utusitusi huijua hali hiyo: bahari na mbingu huwa rangi moja, na jicho halina pa kushika. Karibu na Ikweta giza nalo huingia upesi baada ya jua kutua. Kwa hiyo viwango vya kimataifa hudai mafunzo ya ziada kabla rubani wa binafsi hajaruhusiwa kuruka usiku.

Watafiti wa Illinois hawakuishia kuhesabu walioshindwa. Waliwafundisha watu wale wale utaratibu mfupi: tuliza ndege, usishike usukani kwa nguvu, tazama ala chache zilizochaguliwa, kisha geuka polepole nyuzi 180 mpaka urudi kwenye mwanga ulikotoka. Baada ya mazoezi, karibu majaribio yote yalifaulu. Leo viwango vya ICAO vinataka kila mwanafunzi wa leseni ya binafsi afunzwe kuruka kwa kutazama ala tu, na zoezi moja limetajwa waziwazi humo: kugeuka nyuzi 180 bila kupanda wala kushuka.

Zoezi kwa wanafunzi. Nusu kipenyo cha duara la ndege igeukayo hupatikana kwa kugawanya mraba wa mwendo kwa zao la mchapuko wa uvutano, mita 9.8 kwa sekunde mraba, na tanjenti ya pembe ya mwinamo. Ndege iendayo mita 50 kwa sekunde imeinama nyuzi 45. Tafuta nusu kipenyo cha duara lake, muda wa kugeuka nyuzi 180, na uzito atakaojiona nao abiria wa kilo 60. Kisha eleza kwa nini rubani aliyefunzwa hachagui mwinamo huo akiwa ndani ya wingu, ingawa ungemrudisha nyuma upesi zaidi.