Dondoo muhimu: Kitabu cha picha cha kuhesabu

Wazazi wengi huvutiwa na rangi. Lakini angalia kwanza kama vitu vinahesabika: samaki watano waliopangwa wazi humfaa mtoto wa miaka mitatu zaidi kuliko kundi la ndege waliofunikana.

Mwache aguse kila picha huku akitaja namba, kidole kimoja, picha moja. Kukariri moja hadi kumi bado si kuhesabu. Akimaliza, muulize, "Wako wangapi?" Akianza upya badala ya kujibu, hajatambua kuwa namba ya mwisho ndiyo idadi yao. Usimsahihishe kwa ukali, rudieni kesho.

Soma kwa upatanisho kamili wa kisarufi: kuku wawili, vikombe viwili, maembe mawili. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki.

Kitabu Moja Means One cha Muriel Feelings, chenye michoro ya Tom Feelings (1971), hufundisha namba za Kiswahili kwa maelezo ya Kiingereza. Kwa maoni yangu, kinawafaa zaidi watoto wetu walioko ughaibuni.

Kwa mtoto anayetafuna kila kitu, nunua kitabu chenye kurasa ngumu. Kitabu hakipatikani? Vizibo vya soda vinatosha kuhesabia, ila tu kwa mtoto aliyeacha kutia vitu mdomoni.