Wiki yangu imegawanyika kati ya Gitega na Muyinga: nitajiandaaje kwa GMAT?

Swali: Mimi ni mhasibu Gitega, kila Ijumaa narudi Muyinga kwa familia. Nilisoma kwa Kifaransa. Nina miezi minne tu kabla ya GMAT, mtihani wa kuingia shule za biashara. Nipange vipi muda?

Jibu: Dada yangu, fanya kwanza jaribio kamili, waandaaji wa mtihani hutoa mawili bure kwenye intaneti. Lihifadhi la pili hadi wiki za mwisho.

Mtihani una sehemu tatu, kila moja dakika 45: hesabu, ufahamu wa Kiingereza na uchambuzi wa takwimu. Basi zoea vipindi vya dakika 45, bila simu. Kwa kuwa ulisoma kwa Kifaransa, Kiingereza kipe alfajiri za Gitega, akili ikiwa bado haijachoshwa na ofisi. Jioni fanya hesabu, tena kwa mkono: kikokotoo kinaruhusiwa kwenye takwimu pekee, na mhasibu aliyezoea kikokotoo anaweza kukwama kwenye hesabu.

Barabarani kupitia Karuzi, pumzika. Muyinga, omba familia ikuachie asubuhi ya kila Jumamosi tu. Pitia makosa ya wiki, andika kwa nini ulikosea. Jumapili ni ya watoto.