Flaiwili: Nishati Inayopotea Kila Basi Likifunga Breki

Ukishuka kwenye basi lililojaa, baada ya mteremko, mara nyingi unasikia harufu ya breki. Ile ni dizeli uliyoilipia kwenye nauli, imegeuka joto. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si uhandisi, lakini hesabu yake ni ya sekondari, na nauli tunalipa sote.

Chukua basi la tani 12 linalokwenda kilomita 40 kwa saa. Nishati ya mwendo wake ni kilojuli 740 hivi. Likisimama, yote inaishia kwenye breki. Ili kuirudisha, injini inayofaidi theluthi tu ya mafuta yake itachoma kama mililita 60 za dizeli. Zinaonekana kidogo. Lakini likisimama mara 200 kwa siku, ni lita 12.

Njia mojawapo ya kuiokoa nishati hiyo ni flaiwili, yaani gurudumu zito linalohifadhi mzunguko. Umeiona kwenye cherehani ya miguu: fundi akiacha kukanyaga, gurudumu bado linazunguka. Basi likifunga breki, mzunguko wa matairi unahamishiwa kwenye flaiwili; likiondoka, flaiwili inalisukuma kabla injini haijabeba mzigo wote. Hakuna betri. Nishati haigeuzwi kuwa umeme kisha ikageuzwa tena, na kila mgeuzo una hasara yake.

Ukiongeza uzito wa flaiwili mara mbili, nishati inaongezeka mara mbili. Ukiongeza kasi mara mbili, inaongezeka mara nne. Ndiyo maana kampuni ya Flybrid ya Uingereza ilichagua gurudumu dogo la nyuzi za kaboni linaloweza kufikia mizunguko 60,000 kwa dakika. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 20 kwa kasi hiyo, ukingo wake unaipita kasi ya sauti. Hewa ingelichoma na kulipunguza mwendo, kwa hiyo linafungiwa ndani ya kasha lililoondolewa hewa.

Sasa soma taratibu, hapa ndipo penye ugumu. Wakati wa breki matairi yanapunguza kasi, na wakati huohuo flaiwili inatakiwa kuongeza kasi. Gia moja haiwezi kuunganisha vitu viwili vinavyokwenda kinyume namna hiyo. Panahitajika gia isiyo na ngazi, inayobadilisha uwiano kidogo kidogo, au klachi kadhaa zinazopokezana. Kwa maoni yangu, ugumu halisi uko kwenye gia kuliko kwenye gurudumu lenyewe.

Jirani zetu wa Kongo waliwahi kupanda mabasi ya flaiwili. Katika miaka ya 1950, Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ilikuwa na mabasi 12 yaliyotengenezwa na Oerlikon ya Uswisi. Yale yalikuwa ya umeme: mota ilizungusha flaiwili kituoni, kisha flaiwili ikazalisha umeme njiani. Madereva walikatiza njia za vumbi, ambazo mvua ikinyesha ni tope tupu. Bearingi zilivunjika, unyevu ukaisumbua mota, na gharama ya umeme ikawa kubwa mno. Mwaka 1959 yaliachwa.

Je, malori yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Kigali? Hapo sishawishiki. Flaiwili ya aina hii huhifadhi nishati ya kusimama mara moja au mbili tu. Lori la tani 40 likishuka mlima wa mita 300 linatoa megajuli 118 hivi, sawa na kulisimamisha basi letu mara 160. Flaiwili ingejaa mwanzoni kabisa mwa mteremko, na safari yote iliyobaki dereva angetegemea breki na gia zilezile. Mahali pake ni basi la mjini na lori la taka, yanayosimama na kuondoka kutwa nzima. Tena yasilazwe na nishati ndani: hadi alfajiri gurudumu litakuwa limeshasimama.